Mutoto wa Chini ya Zero

Hii alinielezea Yolande, binti ya dada yangu, ule anaandikaka watoto ku ordinateur, ile kompyuta, ku maternité moja ya kule Kadutu. Mutoto akizaliwa, machine inamupa numero yake, banamufunga yo ku mukono na bracelet. Siye watu wa kabila ya Bashi hatuhesabuake watoto, ni mwiko, lakini machine inahesabu tu.

Siku moja muchana, mvua inapiga mabati, mama mumoja, Lucie, akazaa. Machine ikaandika numero yenye moins mbele, ile alama ya kupunguza. Yolande akaitia Didier, fundi wa ordinateur.

"Maman Yolande, usiogope. Nafasi ya numero ilikuwa kidogo, ilijaa, sasa machine imeruka mupaka chini ya zero. Nitaipanua kesho."

"Na mutoto?"

"Si atangojea!" Didier akacheka.

Lucie kuona ile bracelet, akakasirika. "Moins? Mutoto wangu anapungukiwa nini? Mutoshe hii kitu ku mukono wake!"

Yolande akachukua makasi, akakata. Palepale courant ikaenda, chumba ikakuwa giza tii. Mutoto akaanza kulia.

"Mubembeleze, maman," Yolande akamuambia Lucie.

"Niko namubembeleza!"

Lakini kilio ikaanza kushuka polepole, sawa vile mutu anamubeba na kushuka naye ngazi. Yolande akawasha torche ya téléphone. Mutoto alikuwa ku kifua ya mama yake, mudomo wazi, machozi inatoka, sauti hakuna. Kilio ilikuwa inatoka chini ya sakafu ya sima, na kule chini hakuna chumba, ni udongo tu.

Haya, wajukuu wangu, mulale sasa. Akonkwa, zima taa.