Zulia la Ngazini

Enyi mliohudhuria, wakubwa kwa wadogo, niazimeni masikio. Nitakayoyasema hayakunifurahisha kuyasikia.

Katika nyumba moja ya ghorofa, ngazi ya mbao ilifunikwa zulia jekundu lililochakaa. Mke wa nyumba hiyo alikuwa na mtoto mchanga aliyepiga chafya kutwa. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alipokwenda safari, mke akamwita fundi seremala aling'oe zulia lenye vumbi.

"Mama, hili si zulia, ni shamba," fundi alitania. "Ukipanda mbegu, zitaota!"

Akang'oa misumari kwa koleo, kipandio baada ya kipandio. Ndipo akaona mbao zimelika upande wa ukutani, ambapo hapakupita mtu. Akapiga msasa.

Alasiri, wakiwa chini sebuleni, wakasikia: ko. Kisha: ko.

"Baba mtoto yuko nyumbani?" fundi alinong'ona.

"Yuko kazini."

Hatua zikapanda polepole, kipandio kwa kipandio, na harufu ya majivu yaliyolowa ikazifuata, mpaka zilipofika mlangoni pa chumba cha mtoto na kukoma, na mama akapanda mbio, akamkuta mwanawe macho wazi, akichekea hewa, na kitanda chake kikibembea pasipo mkono wa kukibembeza.

Jioni ile mama mkwe akarejea. Alipoiona ngazi tupu, mkoba ukamdondoka.

"Nani kakutuma, mwanangu?"

"Mama, kuna kitu kinapanda!"

"Najua. Jini huyo nilimkuta nilipoolewa. Waganga watatu wameshindwa naye. Unadhani zulia nililitandika kwa urembo? Nililitandika nisimsikie."

"Na sisi tukalala humu miaka yote?"

"Mlilala. Mimi sikulala. Fundi, lirudishe!"

Fundi akalitandika upya, akapigilia misumari yote. Nyumba ikatulia kimya. Mama akasimama chini ya ngazi, mwanawe begani, akitega sikio na asisikie chochote, wala juu, wala katikati, wala nyuma yake, hata harufu ya majivu ilipompita shavuni na mtoto akaanza kucheka, akinyoosha vidole kukishika kitu kilichokuwa karibu mno.

"Fundi," akasema, "ling'oe tena. Afadhali nijue yuko wapi."

Safari hii mama mkwe hakukataza.

Haya nimeyapokea kwa fundi mwenyewe, mjomba wangu, aliyelishika koleo jioni ile na kuling'oa zulia mara ya pili.