Aliyebisha Hodi Darasani

Duka la miwani lilikuwa limejaa siku hiyo, mpaka watu wengine wakakaa kwenye ngazi na wengine wakaegemea makabati ya vioo, wakifokewa wasiache alama za vidole. Mwalimu alikuwa katikati ya msongamano huo, kavaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe, kichwa kinamgonga kama kina mtu ndani anayetaka kutoka. Kilichomponza ni kompyuta. Shule yao ilikuwa imefumuliwa mapaa ili iezekwe upya, na watoto wa madarasa ya juu wakaambiwa wasomee nyumbani kwa mtandao. Basi yeye, aliyefundisha hesabu kwa chaki tangu usichana wake, akawa kila jioni anakodolea kioo akijifunza pa kubonyeza, mpaka herufi zikaanza kumchezea machoni.

Zamu yake ilipofika, alikalishwa mbele ya fundi wa miwani, mwanamume mrefu wa makamo, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, na uso wa mtu asiye na haraka na dunia. Fundi akamwambia asome herufi za ukutani. Mwalimu akazisoma kama anavyosomesha, kwa sauti ya kufika dawati la mwisho, na watu wa foleni wakajikuta wanamfuatisha.

Fundi akashusha kijiti chake cha kuonyeshea herufi.

“Mwalimu, na wa nyuma nao wamesoma. Sasa mgonjwa nitamjuaje?”

“Nani kakwambia mimi ni mwalimu?”

“Una chaki sikioni.”

Akajipapasa, na kweli vumbi lilikuwepo, maana asubuhi alikuwa amefundisha wale wadogo waliobaki shuleni. Watu wakacheka. Yeye akajikaza asicheke, akashindwa.

Miwani ilipokuwa tayari aliifuata. Ikamlegea, akairudisha ikazwe. Ikambana, akairudisha ilegezwe. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akamwuliza hiyo miwani ina ugonjwa gani usiopona.

Ugonjwa haukuwa wa miwani. Fundi naye alikuwa ameshaanza kutafuta visababu vya kupita karibu na shule, na jioni simu zikawa hazikauki. Ikawa Mwalimu akitaka kufanya mazoezi ya darasa la mtandaoni, mwanafunzi wake ni Fundi. Naye alikuwa hajui chochote zaidi yake. Wakabahatisha pamoja: hapa pa kunyoosha mkono, hapa pa kuzima sauti, hapa ubao wa kuchorea kwa kidole.

“Mpenzi, naona dari lenu tu,” Mwalimu alikuwa akimwambia.

“Litazame vizuri. Ni zuri kuliko mimi.”

Basi wakaenda hivyo, wakicheka, mpaka Fundi alipotamka ndoa. Hapo Mwalimu akapata kigugumizi. Miaka ya nyuma alikuwa amechumbiwa na mtu akamngoja, kumbe mwenzake alikuwa akijenga kwingine. Tangu hapo alikuwa amejizoeza kutotegemea mtu. Akamwambia Fundi asubiri. Fundi akasubiri. Akauliza tena, akaambiwa asubiri kidogo. Naye alikuwa na jambo lisilosubiri: kaka yake mkubwa alikuwa amefungua duka la miwani katika mji mwingine, mbali, na alimtaka mdogo wake akalishike.

Usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi wa somo, Fundi alipiga simu.

“Kaka analeta lori Ijumaa,” alisema. “Mimi sina cha kumjibu mpaka wewe unijibu.”

“Kesho nina mkaguzi mgongoni. Niache nipumue kwanza.”

“Nimekuacha upumue siku nyingi, mwalimu wangu. Mimi ndiye pumzi inaniishia.”

Kwenye simu ilisikika feni ya dukani ikizunguka. Mwisho Fundi akalegeza sauti, akamwuliza kesho anaogopa nini hasa. Naye akamweleza kwamba watoto hawaonyeshi nyuso. Anasema na viboksi vyeusi, kama anayehutubia makaburi.

“Basi nitaingia mimi,” Fundi akasema. “Nitakaa nyuma kabisa, kimya. Wewe nifundishe mimi.”

Mwalimu akamkumbusha sheria ya shule. Kuna darasa moja mgeni aliingia akamwaga matusi mbele ya watoto, na mkuu wa shule akatangaza kuwa mwalimu atakayemfungulia mtu asiyemjua kwa jina atanyang’anywa darasa. Wazazi na jamaa wanaruhusiwa, mradi mwalimu awajue. Kwa hiyo aingie kwa jina lake, amwone.

“Nitabisha hodi,” Fundi akasema. “Ukinifungulia, nitajua nina mahali kwako. Ukinifungia, nimepata jibu langu. Sitakusumbua tena.”

Alilisema kama mzaha, ila hakucheka baada yake.

Kulipokucha Mwalimu akaketi ofisini mbele ya kompyuta. Mkaguzi, mama mmoja mwenye viatu vinavyolia, akavuta kiti akakaa nyuma ya bega lake. Pembeni alikuwepo mwalimu mwenzake, walimtania kwa jina la Kebo kwa sababu hakosi waya shingoni. Yeye kazi yake ilikuwa kushikilia waya wa umeme uliokuwa na tabia ya kuchomoka.

Watoto wakaanza kubisha hodi, na majina yao yakatokea kwenye kioo, kila jina na vitufe vyake viwili: Kubali na Kataa. Mwalimu akawa anabonyeza Kubali, Kubali, Kubali, huku akilitafuta jina moja tu. Halikuwemo. Akaanza somo la sehemu. Akachora duara kwa kidole likatoka limebonyea.

“Mwalimu, hicho ni kiazi?” sauti ya mtoto ikauliza kutoka gizani.

“Ni duara lililochoka. Likate nusu lipumzike.”

Wakacheka huko walikokuwa, naye akalikata duara nusu. Hapo hapo jina likatokea mlangoni. Moyo ukamruka. Jina lilisomeka: Kipusa Halisi.

Hakukuwa na mtoto wa jina hilo, wala mzazi. Alihisi mkaguzi anainama begani kwake, pumzi yake ina harufu ya iliki. Akabonyeza Kataa. Akaendelea na robo na theluthi. Kipusa Halisi akabisha tena. Kataa. Kebo akanong’ona kwamba hao ndio wale wahuni wenyewe, ung’ang’anizi wao ni kama wa nzi. Kipusa akabisha mara ya tatu, na Mwalimu akamfungia kwa hasira, kidole kikagonga meza. Baada ya hapo mlango ukanyamaza kabisa.

Somo likaisha. Mkaguzi akamsifu, akasema amefundisha vizuri, na zaidi ya yote amelinda mlango wake. Kebo akampa mkono. Mwalimu akaitikia kama mtu anayepewa pole, maana jina alilolitaka halikutokea tangu mwanzo hadi mwisho.

Akampigia Fundi. Hapatikani. Akapiga akiwa njiani, akapiga akivua viatu, akapiga na kijiko cha chakula kikiwa mkononi. Hapatikani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Akajiambia: amezima simu, ameshaondoka moyoni kabla ya lori. Huyu naye ni kama yule.

Mama yake akamtazama akisukuma sahani.

“Umemwuliza kwa nini hakuja?”

“Nitamwuliza vipi mama, na simu kazima?”

“Kwani anakaa ndani ya simu?”

Mwalimu akainuka akaosha sahani. Aliona aibu kumfuata mtu aliyemkimbia. Akalala nayo hiyo aibu, akaamka nayo, akaenda nayo kazini. Ijumaa mchana Kebo akaingia ofisini kulalamika kwamba alipeleka miwani yake ikakazwe skrubu, akakuta duka linafungashwa, vioo vinateremshwa kwenye ngazi na lori liko nje. Alikuwa hajamaliza malalamiko, akaona kiti cha mwenzake kitupu na kalamu bado inazunguka mezani.

Ngazi za duka zilikuwa zimejaa nyasi kavu za kufungia vioo. Dereva wa lori alikuwa nje akikaza kamba. Ndani, makabati yalikuwa wazi, na zile herufi za ukutani zimebanduliwa, zimeacha mraba mweupe. Fundi alikuwa amepiga magoti anafungua mashine yake ya kusagia lenzi kwa bisibisi. Alimwona Mwalimu mlangoni, akarudi kwenye skrubu.

“Kumbe bado upo,” Mwalimu akasema.

“Nipo mpaka dereva amalize.”

“Hukuja.”

“Sikuja wapi?”

“Darasani. Nilikutafuta mpaka nikasahau nafundisha nini. Kama hukutaka si ungesema, kuliko kunikalisha pale na yule mama mgongoni, halafu unanizimia simu.”

Fundi akaiweka chini bisibisi. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona.

“Usinifanyie hivyo. Nilibisha. Nikasoma kwa macho yangu: mwenyeji amekataa. Nikasema kidole kimemteleza, nikabisha tena. Kidole gani hicho kinateleza kila mara? Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye maji ya hii mashine asubuhi ile ile, ikafa. Nikakimbia kuazima ya dada, naogopa kuchelewa. Nimekimbilia kufungiwa.”

Mwalimu akaanza kusema kitu, akakiacha. Akauliza polepole:

“Dada yako huyu mshonaji, hapa jirani?”

“Huyo huyo.”

“Kwenye simu yake anajiita nani?”

“Mimi nitajuaje? Namwita dada.”

“Maana kuna mtu alinisumbua siku ile, nikamfukuza. Anajiita Kipusa Halisi.”

Upande wa pili wa ukuta wa mbao cherehani ikanyamaza.

“Ndiyo mimi,” sauti ya mwanamke ikasema. “Kwani vipi?”

Fundi akamtazama Mwalimu. Akautazama ukuta. Akakaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu, na Mwalimu akacheka akaegemea kabati, akaacha alama zake zote za vidole, akajikuta machozi yanamtoka na si ya kicheko tena. Dada mtu akawa anauliza huko huko aliko nini cha kuchekesha katika jina zuri kama lile.

Nje honi ya lori ikalia. Kicheko kikakatika.

“Haya,” Fundi akasema, akijifuta. “Kipusa tumemjua. Ungeona jina langu, ungefanyaje?”

“Ningekufungulia.”

“Darasani. Mimi siulizi habari za darasani.”

Mwalimu akafungua mdomo, na neno lililokuja ni lile lile, subiri. Lilimfika hadi kwenye meno. Fundi aliliona linakuja, akainama akaokota bisibisi yake.

“Sina ugomvi na wewe,” akasema. “Nitanunua simu nyingine. Tutakuwa tunaonana kwenye kioo kama zamani. Nitakuonyesha dari la huko.”

“Sitaki.”

“Hutaki nini?”

“Kioo. Watoto nisiowaona naweza kuwafundisha, nimeshaona. Wewe siwezi kukupenda hivyo. Nitakuwa nakaa mbele ya kiboksi nakungojea kama nilivyomngojea yule.”

“Sasa unataka nini, mama? Maana kioo hutaki, na niende hutaki, na nibaki husemi.”

Dereva akaingia, simu mkononi, akasema kaka mkubwa anauliza kwa nini hawajaondoka. Fundi akaipokea. Akasalimia, akaomba radhi, akasema kuna jambo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, ikajaza duka tupu, kila mtu akaisikia. Ilisema jambo gani tena, na kibao kimeshatundikwa, na wateja wanaulizia. Kisha ikatulia ikauliza kama ni habari ya yule mwalimu. Fundi akasema ndiyo.

“Yuko hapo? Mpe simu.”

Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayemwambia mdogo wangu asubiri?”

“Ndiye mimi.”

“Huyu mtoto amesubiri mpaka amekonda, nasikia hata kwenye sauti. Sikulaumu, kila mtu ana yake. Lakini kama humtaki, mwache apande lori, tutamtunza huku. Kama unamtaka, niambie mimi, mkubwa wake, maana kamba zinafungwa.”

Fundi alikuwa amegeuka ukutani. Alikuwa ameshika lenzi moja isiyo na fremu anaifuta kwa shati, anaifuta, na lenzi ilikuwa safi tangu zamani. Mwalimu akamtazama shingo, mahali nywele zilipokuwa zimeanza kuota mvi, na akaona mabega yake yamekakamaa kama ya mtoto anayesubiri kusomewa majibu ya mtihani.

“Namtaka,” akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia kwa ile nyingine, ya kufika dawati la mwisho. “Namtaka, kaka. Asipande.”

Lenzi ikaanguka kwenye nyasi. Kwenye simu mtu mzima akavuta pumzi, na kwa mbali akasikika akimwambia mtu wa huko akateremshe kile kibao.

“Basi vioo virudi makabatini, lori lije tupu,” akasema. “Kesho alfajiri natoka huku, nije mwenyewe nizungumze na mama yako. Mwambie asihangaike na mapishi. Chai tu inanitosha, isiyo na sukari, daktari kanikataza. Umenisikia, shemeji?”

“Nimesikia, shemeji,” Mwalimu akajibu, akakaa juu ya sanduku la fremu.