Reli ya Chini ya Nyumba

Mota iligeuza reli wakati waya wake ulikuwa mkononi mwa Jolly.

Aliutazama ule waya. Ulikuwa umechomolewa, ncha zake zikining'inia hewani. Lakini kwenye njiapanda ya reli, ulimi mwembamba wa chuma ulikuwa umehama kutoka kushoto kwenda kulia, na treni ndogo, urefu wa kiganja, ikaingia njia ya pembeni.

Jolly alikuwa fundi wa elektroniki pale mtaa wa Remera. Mzee Clovis, mstaafu aliyekulia Tabora, alimwita kwa simu aje nyumbani kwake Kimihurura, akisema reli yake ya kuchezea inajigeuza yenyewe. Mukamana, mke wa mzee, alimfungulia geti, akamwonyesha ngazi za kushukia chumba cha chini, lakini yeye mwenyewe hakushuka.

"Mzee, dikoda iko nzima," Jolly alisema. Dikoda ni kile kisanduku kinachopokea amri na kuiambia mota igeuze reli. "Nimebadilisha, nimepima. Hii mota haina hata umeme."

"Najua," Clovis akanong'ona. Ndevu zake zilikuwa hazijanyolewa siku nyingi. "Reli hii niliinunua kwenye godauni moja Masoro, mitumba ya Ulaya. Ilikuja na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huku mnasema umuzimu. Kwetu Tabora tungesema jini."

Harufu ya makaa ya mawe yaliyolowa ilikuwa imeanza kupanda kutoka chini ya meza. Jolly alifunga begi lake, akaaga, akapanda ngazi haraka, akasukuma mlango, akavuka kizingiti, na mguu wake ukakanyaga ngazi ya juu ya chumba kilekile, Clovis akiwa chini anamtazama.

"Mana yanjye!" alimwita Mungu wake, akageuka, akapita tena, na tena, na kila mara mlango ulimrudisha humohumo, na kila mara ile harufu ilikuwa nzito zaidi, na sasa kulikuwa na pumzi pia, ndefu, ya kitu kikubwa kilichojikunja mahali padogo.

"Treni ikiingia pembeni, mlango nao unarudi humu," Clovis alisema. "Sijatoka tangu Jumapili. Mke wangu anateremsha chakula kwa kamba kutoka mlangoni, anadhani naumwa akili, anaogopa kushuka. Njia ikinyooka, mlango unatoka nje. Lakini haikai imenyooka bila mtu kuishika."

"Basi tushike!"

"Mikono yangu inatetemeka. Shika wewe, mwanangu. Nikitoka nitamleta padri, nitamleta yeyote. Nakuapia."

Jolly aliinama, akaweka kidole kwenye ulimi wa reli, akausukuma kushoto. Mota ikanguruma, ikasukuma kulia kwa nguvu ambayo kitu kidogo vile hakiwezi kuwa nayo, chuma kikamkata ngozi, damu ikatiririka kwenye mataruma, na bado alishikilia, huku machozi yakimtoka na ile pumzi ikimpuliza shingoni, moto kama wa tanuri, ikimnusa taratibu kama mtu anayemzoea mgeni.

Clovis alipanda. Mlango ukafunguka, mwanga wa jua ukaingia, kisha mlango ukafungwa.

Jolly alisubiri. Juu ya dari alisikia hatua za mzee, kisha sauti ya Mukamana ikilia kwa furaha, ikimshukuru Mungu, vikombe vikipangwa mezani.

"Na fundi?" Mukamana akauliza.

Kijiko kikakoroga chai.

"Alishaondoka," Clovis akajibu.

Jolly alipiga kelele hadi koo likakwaruza. Alimwita Mukamana kwa jina, akamwita mara nyingi.

Juu, kikombe kikatulia.

"Umesikia hiyo?" Mukamana akauliza.

"Ni treni tu," Clovis akasema. "Kesho naiziba ile ngazi."