Sitari Iliyokatwa Njiani

"Laki sita!" Besi alipiga meza. "Tulikubaliana laki sita. Nataka changu, sasa hivi."

"Changu, changu! Mwondoe kwanza huyo mwanamke," alijibu mwenye ukumbi wa disko, jicho lake likiwa kwenye spika.

"Mwanamke gani?"

"Anayehema humo ndani ya wimbo wako. Jana watu waliacha kucheza, wakawa wanageuka kutazama nyuma. Kaka, wale wamelipa kiingilio waje kurukaruka, hawakuja kuogopa migongo yao wenyewe."

"Humo kuna sitari, kuna ngoma za tabla na mdundo wangu, basi! Kasafishe masikio."

Jamaa aliinuka, akatoka bila kuacha hata senti.

Besi alipewa jina hilo kwa ajili ya midundo yake mizito, ile inayotikisa vikombe kabatini. Hakusomea kazi. Kompyuta aliinunua ikiwa nusu mfu, akaifufua, akajifundisha kuchanganya sauti kwa kukosea na kurudia. Alijivunia jambo moja tu, kwamba hajamdhulumu mtu. "Mimi nadai, sidaiwi," alipenda kusema, na mkewe, fundi cherehani wa chumba cha pili, humjibu kupitia ukutani, "Na ile sukari ya dukani, anadaiwa jirani?"

Kwa wimbo huu hasa hakuona alipokosea. Alimwita mzee mmoja mpiga sitari, aliyepokea muziki wa kale wa Kihindi kwa mwalimu wake, na huyo kwa mwalimu wake. Alimlipa ujira wote kabla hajaitoa ala kwenye mkoba wake. Mzee aliketi chini, akachovya vidole vya kushoto kwenye kikopo cha mafuta ya nazi ili viteleze juu ya nyuzi, akaanza polepole, bila ngoma, noti moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza.

Lakini mtu wa disko hana haja ya saa nzima. Ana haja ya kipande kidogo cha kukata, kunakili na kukiwekea mdundo chini. Sauti ya sitari ilipopanda ikaning'inia juu kabisa, Besi aliinua mkono.

"Hapo hapo! Inatosha, mzee wangu. Nimepata."

"Acha niirudishe kwanza."

"Uirudishe wapi?"

"Kwenye noti ilikotokea. Ile ndiyo nyumbani kwake. Haikatwi njiani, kijana."

"Kompyuta itairudisha yenyewe."

Mzee alifunga ala yake, akaondoka akinung'unika. Harufu ya mafuta yake ilibaki. Besi alikata sekunde nne, akazinakili mara sitini na nne tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Tusidanganyane, ilikuwa tamu.

Sasa, alasiri hiyo ya ugomvi, alivaa hedifoni ili amuumbue mwenye ukumbi. Alizima mdundo. Akazima tabla. Akazima sitari yenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta kila mstari ulikuwa umelala, na bado, kila baada ya sekunde nne, mtu alivuta pumzi, kama anayetaka kusema neno na kuzibwa mdomo.

Alivua hedifoni. Pumzi ikaendelea.

Alichomoa waya wa umeme ukutani. Ikaendelea, na ile harufu ya mafuta ya nazi, ambayo siku zote alidhani imebaki kwenye mkeka aliokalia mzee, ilikuwa imechacha na ilimjia kwa karibu, ya moto, kama inayotoka kinywani mwa mtu. Ndipo alipoisikia cherehani ya mkewe upande wa pili, nayo haikuwa ikienda kama cherehani ya mtu anayeshona, bali ilikuwa ikipanda, ikipanda, inaning'inia, inanyamaza, kisha inaanza upya palepale ilipoanzia, na Besi, huku mkono wake ukipapasa ukuta kama vidole vya yule mzee vilivyopapasa nyuzi, akasogea hadi mlangoni, akaona mguu wa mkewe ukikanyaga pedali, na mkono wa gauni la mteja ukiwa umeshonwa kwenye kiuno cha gauni lilelile, mara kumi, mara ishirini, mpaka uzi ukaisha na sindano ikabaki kutoboa kitambaa kitupu, na midomo ya mkewe ikiwa imekauka na kupasuka kwa kuimba kipande kilekile cha sitari, macho yake yameganda kwenye pembe ya dari.

"Mke wangu," alinong'ona. "Mama watoto. Acha basi."

"Siwezi kushuka," alisema mkewe upesi, akiiba nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. "Nimeshikiliwa huku juu. Nimalizie, tafadhali, nimal..." Pumzi ikamnyakua, akaanza tena kupanda.

Besi alimshika mguu kwa mikono miwili. Mguu ukamnyanyua yeye.

Besi alimpigia simu mzee, naye akafika na sitari yake jua likiwa bado juu. Alinusa mlangoni, akatikisa kichwa.

"Nilikwambia."

"Ni jini?"

"Mwalimu wangu alimwita msikilizaji tu. Ukianza taratibu vile, bila ngoma, hujui nani amesogea kusikiliza. Huingia na noti ya kwanza, hutoka na ya mwisho. Wewe umemkatia njia ya kutoka, halafu ukamchezesha disko."

"Mzee wangu, nilikulipa..."

"Mimi ulinilipa. Yeye je?"

Aliketi chini, karibu na pedali, akapiga. Sauti ilipanda, ikaning'inia pale palipokatwa, na mke wa Besi akaufungua mdomo bila kutoa sauti. Kisha mzee akaanza kuishusha. Ilikuwa safari ndefu. Uzi wa sitari ulimchana vidole, damu ikachanganyika na mafuta, naye hakuinua uso, mpaka noti ya mwisho ilipotua taratibu mahali pake.

Mguu ukaanguka kutoka kwenye pedali. Mama watoto akalia, akaomba maji. Harufu ikakatika kabisa. Besi alimshikia kikombe, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nikupe nini, mzee wangu? Sema chochote. Mimi si mtu wa kudaiwa."

"Kafute wimbo wako," mzee alisema, akivifunga vidole vyake kwa kipande cha kitambaa. Hakuweza tena kuvikunja.

Mkewe aliyamaliza maji yote. Akakiweka kikombe juu ya cherehani, akajifuta midomo, akamtazama mumewe. Chumba kikanuka mafuta ya nazi. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye subira, kama ya mwenye duka anayekukumbusha.

"Huo ni mwisho mmoja," ilisema. "Ulinikata mara sitini na nne."

Mzee aliitazama mikono yake.

"Imebaki sitini na mitatu. Nataka changu, sasa hivi."