Gari la Nyumbani

"Leo kila mtu anitajie gari lake la nyumbani kwa mdomo wake," msimamizi alisema. "Atakayeficha nikamgundua mwenyewe, ajue kazi hana."

Tulikuwa wahudumu wote wa maegesho, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, tumebanana ndani ya kibanda cha malipo hata pa kukunjua mkono hapakuwepo.

Ngoja nikueleze gari la nyumbani ni nini, maana ninyi wa nje hamjui. Kila mhudumu anaruhusiwa na wenzake gari moja tu, la mume, la kaka, la yeyote wa damu yake. Unampa mwenye gari kipande cha utepe mweupe, anakibana mwenyewe chini ya waipa. Sisi tukiuona tunapita kama vipofu. Hatukati tiketi, hatuulizi la nani. Ndiyo heshima ya kazi.

Sasa ofisi ilikuwa imefunga kamera getini, na kamera haina shemeji. Faini zote za magari yale zikajitokeza, na asubuhi ile yote yakafungwa minyororo.

Mimi nilikuwa na aibu kidogo tu, hofu sikuwa nayo. Gari langu lilikuwa la mchumba wangu, muuza mapazia wa duka la ng'ambo ya barabara. Ndoa yetu ilikuwa Jumamosi ijayo, na kazini wote waliijua siku hiyo. Nilijua angelipa huku anacheka.

"Mama Mapacha, anza wewe."

Mama Mapacha ni wa zamu ya asubuhi, mimi wa mchana. Mpole, hajawahi kugombana na mtu. Baba wa mapacha wake tulikuwa tunamsikia tu, kila siku yuko safarini.

"La bluu," alisema taratibu. "Lile lenye bampa iliyopasuka. La baba wa watoto."

Nikacheka. Nilidhani kachanganya.

"Dada, hilo la bluu ni langu."

"Lako vipi?"

"La mchumba wangu. Utepe nilimpa mimi."

"Utepe nilimpa mimi," alisema, "kabla mapacha hawajazaliwa."

Nilikuwa naukuta utepe pale kila nikiingia zamu, najua ni wangu. Yeye alikuwa anauacha pale kila akitoka, anajua ni wake.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa mchumba wangu. Nikaweka sauti ya nje.

"Malkia wangu, uko wapi? Kuna mpumbavu kafunga gari mnyororo. Njoo unifungulie, nina mteja ananisubiri."

"Niko kikaoni."

"Basi fanya haraka, mama."

Akakata. Hata pumzi sijashusha, simu ya Mama Mapacha ikaita. Naye akaweka sauti ya nje.

"Mama watoto, umeshatoka kazini? Rudi mara moja. Kuna mpumbavu kafunga gari."

Alipokata, ujumbe ukaingia kwenye simu zetu zote mbili kwa pamoja: "Usimwambie mtu hapo kama tunajuana. Si unajua wivu wa kazini."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, halafu akajizuia. Msimamizi alinipa ufunguo wa minyororo bila kuniangalia usoni, maana zamu ilikuwa yangu.

"Akilipa, mfungulie. Asipolipa, gari linalala hapa."

Tukatoka wote wawili. Tulimkuta anapiga teke gurudumu. Alipotuona tumeongozana, mguu ulibaki hewani.

"Nitawaeleza," alisema.

"Eleza," nikamwambia.

"Hapa si mahali pake."

"Hapa ndipo ulipotuokota. Elezea hapa hapa."

Akamgeukia mwenzangu. "Mama watoto, huyu ni rafiki tu."

"Rafiki wa ndoa Jumamosi?" Mama Mapacha aliuliza. Sauti haikupanda hata kidogo.

Nikamsogelea. Nilikuwa nampenda yule mtu, sitaki kujifanya jasiri hapa. Nilimpenda hadi nikawa nanusa shati langu akishanikumbatia.

"Nijibu moja tu," nikasema. "Ningekuwa nauza nyanya sokoni, ungenitongoza?"

Akatazama mnyororo. Akatazama saa.

"Sasa hilo nalo swali? Mteja ananisubiri bwana. Faini ni kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwenye mashine. Akashika kichwa.

"Sina hela hiyo. Hela yote nimelipia ukumbi."

Ukumbi wetu. Aliutaja kama mtu anayetaja pancha.

Mama Mapacha akafungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyokunjwa.

"Usilipe," nikamwambia. "Dada yangu, nakuomba. Liache gari lioze."

"Wewe ndoa yako ni Jumamosi, bado haijafika," alinijibu. "Mimi wangu walishafika, wanakula kila siku, na wakilala wanamuulizia baba. Gari hili ndilo linalosambaza mapazia. Likilala hapa, wanangu nao wanalala na njaa. Fungua."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikapokea hela, nikakata risiti, nikapiga magoti kwenye lami na kufungua mnyororo kwa mikono yangu mwenyewe. Machozi yalikuwa yanadondokea kufuli.

Simu ikaita tena. Mama yangu.

"Mwanangu, wa viti anauliza alete vingapi."

"Mwambie asilete, mama."

"Asilete? Kuna msiba?"

"Ndiyo, mama. Nitakupigia."

Mama Mapacha alikwishakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, macho mbele. Hakufunga mlango kwa nguvu. Yule bwana akawasha gari, nami nikatangulia getini, kwa sababu zamu ni zamu na kizuizi hakijinyanyui.

Akasimama nilipo. Kioo kikashuka. Nilingoja, Mungu ananiona, bado nilikuwa nangoja neno.

Alinyoosha risiti niikague, kama mteja yeyote.

"Asante, dada," alisema.

"Karibu tena," nikamjibu, kama tulivyofundishwa, na nikanyanyua kizuizi.