Koo Ndani ya Kopo

Betri alikwisha kuitoa. Hilo Belarmino Arruda alikuwa na hakika nalo, maana betri yenyewe ilikuwa pale mezani karibu na kikombe chake cha kahawa. Gitaa halikuwa limechomekwa. Waya mmoja tu ulitoka kwenye pedali kwenda kwenye spika ndogo ya majaribio. Na bado pedali ile, iliyolala chali juu ya gazeti kuukuu, ilikuwa inavuma.

Haukuwa mvumo mkubwa. Ulikuwa mvumo wa mtu aliyefumba mdomo huku mikono ikifanya kazi nyingine, anaosha vyombo au anakunja nguo, na wimbo unamtoka bila mwenyewe kujua.

"Umeme wa jengo huu," alijiambia.

Jengo lilikuwa kiwanda cha pamba cha zamani hapo Fall River, mji usio mbali na Boston, siku hizi vyumba vyake vimekodishwa kwa bendi, maseremala na watu kama yeye. Nyaya zake ni za enzi za mababu, na spika humo hunasa kila kitu: lifti, redio za teksi, mara mahubiri ya padri kwa Kireno. Akazima taa ya mezani, akaiwasha tena. Mvumo ukanyamaza kidogo, kama mtu aliyeshtukia kuwa anasikilizwa. Halafu ukaendelea.

Pedali hiyo, kisanduku ambacho mpiga gitaa hukikanyaga kwa mguu ili sauti ya nyuzi igeuke, ikwaruze au ilie, Belarmino aliitengeneza kwa mikono yake ndani ya kopo la bati la biskuti. Zamani hizo walikuwa bendi ya watu watatu: yeye kwenye besi, Duarte Pimentel kwenye gitaa, na Odília akiimba. Ilikuwa zawadi kwa Duarte, na Duarte hakuwa rafiki wa kawaida. Ndiye aliyesimama kando ya Belarmino kanisani siku ya harusi yake na Odília, pete za maharusi zikiwa mfukoni.

Kisha, asubuhi moja ya Kwaresima, Odília aliamka hana sauti. Hakuwa ameugua wala kukohoa. Alifungua mdomo amsalimie mumewe, ikatoka pumzi tupu. Madaktari wa Boston walimchungulia kooni wakasema koo ni zima kabisa. Tangu hapo alizungumza kwa mikono. Belarmino akaacha besi, akashika kazi ya kutengeneza vyombo vya wenzake ili asiwe mbali na nyumbani. Duarte aliendelea peke yake, na ni baada ya hapo alipong'ara. Gitaa lake, watu walisema, lilikuwa linaimba. Hawakuwa wakitia chumvi. Lilikuwa linaimba kama mwanamke.

Asubuhi ya siku hiyo Duarte alikuja mwenyewe na kopo lake, theluji ikiwa imemjaa mabegani.

"Fundi! Mtoto wako anaumwa."

"Mtoto wangu au wako? Mimi nilizaa tu. Wewe ndiye uliyemlea ukamharibu tabia."

Duarte alicheka, ila macho yake hayakuwemo kwenye kicheko. "Imenikatikia jukwaani, mjini Providence, ukumbi umefurika. Ni swichi tu. Badilisha swichi, usihangaike kung'oa ubao wa ndani."

"Tangu lini mpiga gitaa akamfundisha fundi?"

"Nakwambia tu, kaka. Swichi. Nitaipitia jioni."

Swichi ilikuwa nzima. Belarmino aliipima mara mbili, hata ya tatu, na kila mara mita ikampa jibu lile lile. Basi akafanya kile fundi yeyote angefanya. Akachukua waya wenye ncha, akauunganisha na spika, akaanza kugusa saketi, njia ile ya umeme ubaoni, hatua kwa hatua, kutoka sauti inapoingilia hadi inapotokea, apate kujua imefia wapi.

Mahali pa kwanza palikuwa kimya. Transista ya kwanza, kidude cha kukuza sauti, ikatoa pumzi. Si mkwaruzo wa umeme. Pumzi, ya kuvuta na kutoa, ya mtu aliyelala. Akaondoa ncha, akaifuta kwenye shati, akacheka kidogo peke yake. Akagusa ya pili. Mvumo ule wa kuosha vyombo ukaja juu, mzito, karibu, na pamoja nao harufu ya mshumaa uliozimwa na nywele zilizolowa. Mkono ulitaka kurudi nyuma lakini udadisi wa kazi ukausukuma mbele, na alipoigusa transista ya tatu, ile ya mwisho, mvumo ukafunguka ukawa maneno, maneno ya mwanamke, ya kivivu, ya asubuhi, ya mtu aliyejifunika shuka mpaka kidevuni na hataki kuinuka, na sauti yenyewe aliifahamu kabla hajayafahamu maneno, kwa maana kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiitafuta katika kila ndoto yake bila kuipata.

"Mino. Funga dirisha, Mino. Baridi."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Mino.

Na chini ya sauti ile palikuwa na nyingine. Nzito, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikiyafuatisha maneno polepole kama mtoto anayefundishwa kusoma. *Mi-no. Ba-ri-di.*

Belarmino aliruka hadi kiti kikaanguka. Alisimama ukutani, mgongo kwenye matofali, akalikodolea macho kopo. Nje kulikuwa mchana mweupe, malori yanapita, mtu anakwangua theluji kwenye kioo cha gari. Dunia iko vile vile.

Aliporudi mezani, alirudi na bisibisi. Akafungua skrubu za ubao, akaupindua. Chini yake, mahali ambapo yeye hakuwahi kuweka kitu, palikuwa na donge la nta nyeusi. Ndani ya nta, kipande cha uzi wa gitaa. Juu ya uzi, nywele ndefu za kahawia zimezungushwa kwa kubanwa, mzunguko juu ya mzunguko. Ncha mbili za uzi zilikuwa zimelehemiwa kwenye saketi.

Lehemu za watu ni kama miandiko, kila mtu ana yake. Za Belarmino ni ndogo, zinang'aa. Hizi zilikuwa mabonge manene ya kijivu, yasiyo na mng'aro, kama kinyesi cha ndege. Mtu mmoja tu alikuwa akilehemu hivyo, na Belarmino alikuwa amemcheka kwa ajili yake ujana wao wote.

Akampigia simu Shangazi Leonilde, shangazi yake Odília, ambaye mtaa mzima humwendea kutolewa jicho baya na kuombewa watoto wanaolia bila sababu.

"Shangazi, nisikilize, tafadhali usinicheke."

"Nina samaki kikaangoni, mwanangu. Sema upesi."

Akasema. Upande wa pili mafuta yaliendelea kuchacharika, kisha yakanyamaza. Alikuwa amezima jiko.

"Ni nywele za Odília? Una hakika?"

"Nalala nazo kila siku, Shangazi."

"Usizichome. Umenisikia? Ukizichoma na sauti inaungua. Mwite aje. Uzifungue mbele yake kwa mkono ule ule uliolitengeneza kopo." Akavuta pumzi. "Na ukishazifungua, usimshike. Mwache achague."

"Achague nini?"

"Jini la namna hiyo halivunji mlango, Belarmino. Hukaa pale linapopendwa. Mwite."

Odília alifanya kazi kwenye duka la mikate ng'ambo ya barabara. Belarmino alimtumia ujumbe aje akimaliza zamu. Lakini wa kwanza kupanda ngazi jioni hiyo alikuwa Duarte, anapiga mluzi, na mluzi ulimkatika mlangoni alipoona ubao umepinduliwa.

"Nilikuambia usifungue," alisema kwa sauti ya chini.

"Kaa."

"Kaka, nisikilize..."

"Kaa, Duarte."

Akakaa. Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Hilo jini lilianza lenyewe," alinong'ona. "Nakuapia. Tulipokuwa tunafanya mazoezi kwenye chumba kile cha chini, nikiwa peke yangu, lilikuwa linaniita ndani ya pedali. Likasema litanipa sauti ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Linataka koo tu la kukalia. Koo la mtu wa karibu."

"Ukamtoa Odília."

"Tulikuwa watatu, Mino..."

"Usiniite hivyo!"

"Tulikuwa watatu. Mimi ndiye mpigaji. Na wewe..." Duarte aliinua macho, na kilichomuumiza Belarmino kuliko yote ni kwamba macho yale hayakuwa na hila. Yalikuwa yanaeleza tu. "Wewe nilikuhitaji. Ikiharibika, nani angeitengeneza?"

Belarmino alikumbuka mikono ya Duarte ikimshika begani hospitalini Boston. Alikumbuka supu aliyoileta nyumbani, nyama alizomkatia Odília, machozi, machozi ya kweli kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawasemi kwamba wakati mwingine hicho kinachokula ndicho ulichokishona mwenyewe, kwa zawadi.

Mlango ukafunguka. Odília aliingia na unga kwenye nywele, harufu ya mkate imemfuata. Akamtazama mumewe, akamtazama Duarte. Kisha akaliona kopo, na hakuuliza kwa mikono yake: ni nini hicho?

Jambo hilo Belarmino aliliona, akalipita.

"Njoo, mpenzi. Simama hapa. Usiogope."

"Belarmino, nakusihi," Duarte alisema. "Vidole vyangu havijui kitu bila hiyo. Utaniua."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimepata moto. Aligusa bonge la kwanza. Likayeyuka, ncha moja ya uzi ikaachia, na spika, isiyo na betri wala gitaa, ikavuta pumzi ndefu. Harufu ya mshumaa ikajaa chumba. Baridi ikapanda kutoka sakafuni, ukungu ukaganda kwenye kioo cha dirisha kwa ndani, na ile sauti nzito ikaanza kusema majina yao, mmoja mmoja, ikiyatamka sasa bila kukosea, si kwa hasira bali kwa mapenzi, kama mama anavyoita watoto wake waje kula, na kadiri Belarmino alivyosogeza chuma kwenye bonge la pili ndivyo ilivyozidi kuita jina moja tu, Odília, Odília, Odília, mpaka lehemu ikatiririka, uzi ukachomoka, na spika ikafa kwa mlio mdogo kama kidole kinachovunjwa.

Duarte alikuwa analia. Belarmino alizifungua nywele mzunguko kwa mzunguko, mpaka wa mwisho. Kooni mwa Odília kitu kilipanda, kikashuka. Akashika shingo yake. Akakohoa.

Belarmino alimkumbuka shangazi, akajizuia asimshike. Alisubiri. Alikuwa amelisubiri neno hili la kwanza zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi, kitandani, alikuwa amejibahatishia lingekuwa neno gani.

"Kwa nini umeifungua?" Odília alisema.

Alidhani hakusikia vizuri. "Odília, sauti yako..."

"Nimekuuliza, kwa nini umeifungua?"

Sauti ilikuwa ile ile, mbichi, haijazeeka hata siku moja, ndani ya mdomo wenye mikunjo pembeni.

"Ulijua?" aliuliza Belarmino.

"Mtu asiijue sauti yake? Mara ya kwanza ilikuwa redioni, tuko jikoni, wewe unakata vitunguu. Ukasema, 'Duarte siku hizi amejua kupiga.' Nilikuwa nimesimama karibu yako, Mino. Nilikuwa naimba mbele yako, na hukunijua."

"Ungeniambia! Ungeniandikia!"

"Ungeifungua." Alisema hivyo kwa upole kabisa. "Hapa nilikuwa nawaimbia watu kwenye ukumbi wa parokia, nao wanakunywa supu. Kule, Mino, maelfu walikuwa wananyamaza kimya. Wananinyamazia mimi."

"Kila Jumapili nimekuombea. Kila Jumapili, nimepiga magoti nikilia."

"Najua. Nilikuwa nimepiga magoti kando yako."

Hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani ya Belarmino, na hakikutoa sauti. Duarte alijikokota kutoka kitini, akanyoosha mkono kuelekea ule uzi na nywele.

"Shemeji, tunaweza kuirudisha. Mimi na wewe. Leo hii hii."

Odília alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea mlango. "Wewe? Wewe ulikuwa mguu wa kukanyagia tu."

Akauokota uzi mezani. Akauzungusha kwenye kidole, pamoja na nywele zake, juu ya pete ya ndoa, akabana. Akafunga vifungo vya koti. Mlangoni aligeuka, na Belarmino akadhani atasema kwaheri, au samahani.

"Usinisubiri kula," alisema.

Wale wanaume wawili walibaki kila mmoja mahali pake, kopo tupu likiwa kati yao, wakimsikiliza akishuka. Ngazi za kiwanda kile ni za mbao, huwezi kukosea idadi ya wanaozipita. Miguu ilikuwa ya mtu mmoja. Kwenye ghorofa ya pili akaanza kuimba, taratibu, huku anashuka, na wimbo ukawa unapanda kwao kupitia mbao: sauti ya Odília juu, na chini yake nyingine, nzito, ambayo sasa haikuwa inamfuatisha tena. Ilikuwa inamwongoza.