Leo Foleni Inakwenda

Wewe unayesoma, umewahi kufurahi kuona foleni inasogea? Basi nisikilize.

Binamu yangu ni opereta wa kompyuta kubwa kwenye ofisi ya vibali vya matibabu. Mimi nina degree ya kompyuta na nashinda nyumbani nikiwatazama mende. Yeye alipata kazi, na sina wivu naye tena. Pale kila ombi la mgonjwa huingia kwenye mashine likangoja zamu. Diski zikijaa, sistimu inagoma: haipokei, haitoi. Binamu aliomba diski mpya mpaka akaitwa mlalamishi. Bosi, mzee wa suti, alikuwa na dawa moja tu: futa maombi ya zamani kabisa, wenyewe wataanza upya. Full stop.

Asubuhi hiyo mashine ilijaa pomoni. Ukumbi wa kungojea, ambao binamu anauona kupitia kioo, nao ulifurika. Watu hukaa kwa mpangilio wa maombi yao, wa zamani mbele. Mama yake, yaani shangazi yangu, alikuwa benchi la tatu, akisubiri kibali cha kupasuliwa moyo.

Binamu akafuta. Benchi la mbele likawa tupu. Akadhani wameitwa.

Nafasi haikutosha. Akafuta tena, safari hii macho yakiwa ukumbini. Babu mmoja alikuwa ameinama kufunga kamba za kiatu. Kikabaki kiatu.

Mlango haukufunguliwa.

Waliobaki wakasogea. Shangazi akaketi mbele kabisa, akamwinamia bintiye kidirishani. "Mwanangu, leo foleni inakwenda. Mungu si Athumani."

Binamu akakimbia kwa bosi, akamnong'oneza yote. Bosi hakushtuka. Aliuliza tu kama nafasi imetosha.

"Bado. Wa mbele sasa ni mama yangu."

"Basi nipishe kwenye kiti."

Akabonyeza mwenyewe. Kidole kimoja. Mkono wa pili ulishika chai.

Mashine ikanguruma, nzima kabisa. Benchi lilikuwa bado na joto.

Tangu siku hiyo kioo cha kabati la diski kina alama ya kiganja. Wameisugua kwa spiriti. Haitoki. Iko upande wa ndani. Diski zikikaribia kujaa, kioo kinaingia ukungu, kama mtu anapumua.

Sasa nyinyi wakubwa, mliokosa hela ya diski mkapata ya mazulia: njooni mchana kweupe, mbele yetu, mfungue hilo kabati. Tunamtaka shangazi.